Sindano Iliyotibu Kichocho Ikaacha Homa ya Ini

Watu wakisikia kwamba homa ya ini C imeenea sana katika vijiji vya mahali fulani, huuliza: hao wanakijiji wanafanya nini? Mimi niliyefanya unesi katika zahanati za Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, huuliza: walifanywa nini? Jibu lenye ushahidi mzito liko Misri.

Wakulima wa Delta ya mto Naili hushinda ndani ya mifereji ya kumwagilia mashamba, na humo ndimo wanamoishi konokono wa kichocho. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipeleka tiba vijijini kwa kampeni kubwa. Dawa ya wakati huo, yenye madini ya antimoni, haikumezwa. Ilidungwa kwenye mshipa, na kumaliza dozi kulihitaji sindano kumi na kitu kwa wiki kadhaa. Foleni zilikuwa ndefu, mabomba ya sindano machache, na mara nyingi bomba lilihama kutoka mkono hadi mkono bila kuchemshwa ipasavyo.

Mabomba ya aina hiyo nayajua. Nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa ya kioo. Jioni tulipitisha ncha ya kila sindano kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, tuliinoa kwenye jiwe, kisha vyote vikaingia kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Dakika ishirini za kuchemsha si kitu wagonjwa wakiwa watano. Foleni ikishauzunguka mwembe, inataka moyo mgumu kumwambia mama aliyetembea tangu alfajiri asubiri maji.

Damu iliyobaki kwenye sindano, hata isiyoonekana kwa macho, yatosha kubeba kirusi. Wala hakuna aliyekijua wakati ule: kirusi cha homa ya ini C kiligunduliwa mwaka 1989, wakati vidonge vya prazikwanteli vilikuwa vimeshachukua nafasi ya sindano zile.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Takriban watu watatu kati ya kumi huushinda bila dawa. Waliobaki huweza kukaa nao miaka ishirini au thelathini, wakilima na kulea, hadi ini linapojaa makovu na tumbo kujaa maji. Huku kwetu mzee akifikia hapo, majirani husema ni pombe. Kama hanywi, karogwa.

Mwaka 2008, utafiti wa kitaifa wa Misri ulipopima damu ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 59, karibu asilimia 15 walikutwa na kingamwili za kirusi hicho. Vijijini kiwango kilizidi cha mijini, na kilipanda kadiri umri ulivyopanda, kwa kuwa waliodungwa utotoni sasa walikuwa watu wazima. Kingamwili hubaki hata kwa aliyepona, hivyo kipimo cha pili hutafuta kirusi chenyewe. Karibu asilimia 10 walikuwa bado nacho.

Misri haikukaa kuwasubiri hospitalini. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima karibu watu milioni 50, na milioni 2.2 wakakutwa na kingamwili. Waliothibitika kuwa na kirusi walitibiwa bure kwa vidonge. Dozi ya kawaida ni wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaoimaliza hupona kabisa.

Kwetu kichocho bado kipo, ila mtoto shuleni husimama kando ya fimbo yenye alama, urefu wake ukaamua ameze vidonge vingapi. Hata hivyo bado nasikia: “Nesi, nichome tu, vidonge havinikolei.” Nawajibu kwamba kidonge kikitosha, sindano ya nini? Ikibidi kuchomwa, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Na kama uliwahi kuongezewa damu miaka ya nyuma, kudungwa kwa sindano za kurudiwa, au kuchanjwa kwa wembe uliopita kwa wengine, ulizia kipimo bila aibu. Homa ya ini C haina chanjo, lakini ina dawa, na dawa hiyo humfaa aliyepimwa.