Mto Arkansas: maji yameenda wapi?

Wandugu, tukisikia neno "mto" tunafikiri maji yanayotembea mwaka mzima. Sasa kuko mto mmoja Marekani, unaitwa Arkansas, ambao kuna fasi unabaki mchanga mtupu.

Unazaliwa kwenye milima ya Rocky, karibu na Leadville, jimbo la Colorado, fasi theluji inayeyuka. Unashuka mashariki, unapita nyanda kavu za Colorado na Kansas, kisha Oklahoma na jimbo la Arkansas, mpaka kuingia Mississippi. Ni karibu kilometa 2.350. Lakini ukifika Garden City ao Dodge City, magharibi ya Kansas, mara mingi utakuta daraja iko, maji hamuna.

Juu ya nini? Sababu ni mbili.

Ya kwanza tunaiona kwa macho. Kule mvua ni karibu milimita 500 kwa mwaka, haitoshi kwa mahindi. Tangu karne ya 19, wakulima wa Colorado walichimba mifereji, wakapeleka maji ya mto mashambani. Kansas, yenye kuwa chini, inapata yanayobaki. Majimbo hayo yalishitakiana mpaka kwenye Korti Kuu ya Marekani, iliyokata kesi mwaka 1907. Mwaka 1948 yakatia sahihi mapatano ya kugawana maji.

Ya pili imejificha, na njo inatugusa sisi wa agronomia. Chini ya udongo wa magharibi ya Kansas kuko akiba kubwa ya maji, inaitwa Ogallala. Zamani maji ya chini yalikuwa karibu, yanasaidia mto usikauke. Kisha vita ya pili ya dunia, pompi zikaongezeka, nivo ikashuka. Maji ya chini yakienda mbali na mto, mto unakuwa kama ndoo iliyotoboka: hata kidogo kinachofika kinazama mchangani.

Mwaka 1995 Korti Kuu ilisema wazi kwamba visima vya Colorado vilikula maji ya Kansas. Colorado ikalipa zaidi ya dolari milioni 34.

Kumbe kisima na mto ni mfuko mmoja. Kesho ukipewa kazi ya umwagiliaji, usihesabu tu litra ambazo pompi inatoa. Uliza kwanza: haya maji yalikuwa yanaenda kwa nani?