Gari la Mama na sailensi isiyotulia

Januari, saa moja na nusu asubuhi, Mama anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Gari likamzimikia kwenye taa za Stratford Road, basi nyuma yake linapiga honi. Akanipigia: "Mwanangu, hii gari itaniua."

Ni gari dogo la Kijapani la mwaka 2008, otomatiki, petroli. Nilipolipata lilikuwa limewaka tena, ila mshale wa mizunguko ulicheza kama una wazimu: unapanda 1,500, unashuka 500, unapanda tena. Ukiweka D huku umekanyaga breki, linatetemeka kama bajaji. Injini ikishapata moto, sailensi ya gari kama hilo inatakiwa itulie kwenye 600 hadi 800 hivi.

Gereji ya kwanza ilichukua dakika kumi. "Giaboksi," fundi akasema, pauni 1,400. Gari lenyewe halifiki bei hiyo! Na kwa Mama, bila gari maana yake ni mabasi mawili usiku wa manane, au kugusa pesa za tiketi ya Tanga ya Desemba. Miaka sita hajaenda kwao.

Nikampigia mjomba wangu, fundi wa Tanga. Shikamoo haijaisha ameshauliza: "Weka N. Linatulia?"

Halikutulia.

"Basi mwachie huyo giaboksi yake. Hilo linavuta hewa."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana swali hilo moja ndilo lililookoa tiketi. Ukiweka N, magurudumu hayaizuii injini tena. Kama mshale bado unacheza, anza na injini. Kama unatulia kwenye N na P, halafu injini inazimika pale tu unaposimama ukiwa kwenye D, hapo ndipo pa kushuku toki konveta: klachi yake ya ndani ikigoma kuachia, ni sawa na kusimamisha gari la manyua bila kukanyaga klachi. Na kama mshale umetulia ila kiti kinatetemeka, angalia maunti za injini kwanza.

Kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia, kisha inapima petroli ya kuchanganya nayo. Mpira ukipasuka baada ya sensa ya hewa, inaingia hewa ambayo haijahesabiwa. Kompyuta inarekebisha, inapitiliza, inarekebisha tena, na wewe unaona mshale ukipanda na kushuka. Ukiwa kwenye mwendo hewa ni nyingi, tundu dogo halionekani. Ndiyo maana Mama alikuwa anaendesha vizuri tu mpaka afike kwenye taa nyekundu.

Nilinunua kimashine cha kusoma hitilafu, chini ya pauni 20. Kikatoa P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Boneti wazi, simu kwenye WhatsApp, mjomba ananielekeza, "shuka, shuka, kushoto, hapo hapo." Mpira mwembamba, umepasuka kwenye kona, unazomea kama nyoka. (Msipulizie vitu vinavyoshika moto kwenye injini ya moto kutafuta tundu, hata kama mmeona YouTube. Maji ya sabuni yanatosha, au gereji yenye mashine ya moshi.)

Tukabadilisha mpira, tukasafisha throtobodi iliyojaa masizi. Kisha sailensi ikapanda juu zaidi! Nikataka kulia. Mjomba akacheka: kompyuta ilikuwa imezoea uchafu, sasa hewa inapita vizuri na yenyewe haijajua. Magari mengine yanahitaji kufundishwa kwa mashine. Hili tuliliacha lingurume bila kuguswa, eyasi imezimwa, kisha tukalizungusha Small Heath. Siku ya pili mshale ulikaa kwenye 700.

Gharama yote haikufika pauni 50. Taa ya injini nayo ikazimika, na ilikuwa lazima: tangu Mei 2018, gari la petroli la kuanzia Julai 2003 likienda MOT na taa hiyo inawaka, linafeli.

Kama lako linakata moto badala ya kupanda na kushuka, yaani linamisi, anza na plagi na koili, si mipira.

Tiketi imeshakatwa. Mjomba ameagiza jambo moja tu, kile kimashine, na Mama ameshakitia kwenye sanduku tangu Septemba.