Mashine ya CNC: Usahihi Hujengwa Wapi, na Hupimwaje

Mashine ya kuchonga vyuma ya CNC huzungusha kikatio chenye meno na kukipitisha kwenye chuma kilichobanwa mezani. Mashine ya kukereza hufanya kinyume chake, kwa kuwa yenyewe huzungusha chuma. Mwendo wote wa CNC huongozwa na kompyuta kwa kufuata namba za programu. Programu ikisema X100, meza inatakiwa ifike milimita 100 kutoka kwenye alama ya sifuri, na skrini itaandika 100.000. Namba hiyo huonyesha mahali ambapo kompyuta inaamini imefika. Mahali hasa ilipo ncha ya kikatio huamuliwa na chuma, mafuta, joto na mikono ya walioiunda mashine. Ujenzi wa mashine ya usahihi, pamoja na vipimo vyote ambavyo mafundi huifanyia, una lengo moja: kuzikaribianisha namba ya skrini na ncha ya kikatio.

Ukaribu huo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Mashine nzuri ya karakana ya kawaida hukosea kwa mikroni chache tu katika kila mhimili. Zile zinazochonga kalibu za plastiki, vipuri vya saa au vifaa vya upasuaji hutakiwa zisikosee zaidi ya mikroni moja au mbili.

Kuendesha mashine kwa namba kulianza Marekani. John T. Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta katika jimbo la Michigan, alitaka mikunjo ya mapanga hayo ichongwe kwa namba zilizokwisha kukokotolewa, kuliko kutegemea jicho na tupa. Jeshi la Anga lilifadhili kazi hiyo kuanzia 1949. Mwaka 1952, maabara ya chuo cha MIT ilionyesha hadharani mashine ya Cincinnati Hydro-Tel iliyosoma amri zake kwenye utepe wenye matundu. Utepe huo haupo tena, kwa sababu kompyuta ndogo zilichukua nafasi yake, lakini chuma kinachoongozwa nazo bado hujengwa kwa kanuni za zamani kuliko kompyuta hizo.

Mwili

Fundi akutanapo na mashine asiyoijua, huuliza uzito wake kwanza. Mashine mbili zenye meza za ukubwa mmoja zinaweza kuzidiana uzito mara mbili, na iliyo nzito kwa kawaida ndiyo isiyotikisika. Kila jino la kikatio linapouma chuma, hupiga pigo dogo. Kikatio chenye meno manne kinachozunguka mara 6,000 kwa dakika hupiga mapigo 400 kwa sekunde. Mwili mwepesi huyapokea mapigo hayo kwa kutetemeka, na mtetemo huo huandikwa juu ya kazi kama mawimbi madogo.

Ndiyo maana kitako na nguzo huundwa kwa chuma cha kusubu. Ndani ya chuma hicho mna vipande vidogo vya grafiti ambavyo huumeza mtetemo kama gunia la mchanga linavyoimeza ngumi. Kuta za ndani huwekewa mbavu ili mwili usijipinde. Chuma kikishasubiwa na kupoa hubaki na mivutano ndani yake, na kikichongwa mapema huendelea kujipinda kidogo kidogo kwa miezi. Wajenzi wa zamani walikiacha nje kwa muda mrefu kitulie. Siku hizi hupashwa moto katika tanuri na kupozwa polepole. Watengenezaji wengine hutumia changarawe ya granaiti iliyogandishwa kwa gundi ya epoksi. Mchanganyiko huo humeza mtetemo zaidi ya chuma cha kusubu, na hukauka bila kuacha mivutano mikubwa.

Njia

Meza husogea juu ya njia za aina mbili. Ya kwanza ni njia pana zilizochongwa kwenye mwili wenyewe, ambapo chuma huteleza juu ya chuma au juu ya bamba jembamba la plastiki maalumu, kati yao mkiwa na mafuta. Njia hizi hustahimili ukataji mzito. Ya pili ni reli za feleji zenye vibebeo vya gololi, ambazo kampuni ya THK ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1972. Reli hukimbia kwa wepesi na hazihitaji nguvu nyingi. Hata hivyo, reli hufungwa kwa boliti, na hivyo hufuata sura ya mahali ilipokalishwa. Pakiwa pamepinda, nayo itapinda, na meza itapita juu yake ikiinama na kuinuka.

Kuinama huko ni hatari kuliko kunavyoonekana. Mjerumani Ernst Abbe alieleza mwaka 1890 kwamba kipimo kikichukuliwa mbali na mstari wa kazi, kosa dogo la pembe hugeuka kuwa kosa la umbali. Mwinamo wa sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja, huleta kosa la karibu mikroni 5 kwenye ncha iliyo mita moja kutoka kwenye njia.

Kwa sababu hiyo, mashine bora bado hukwaruzwa kwa mkono. Fundi hupaka rangi ya buluu kwenye bamba la kunyooshea, hulisugua juu ya njia, kisha hukwaruza madoa yaliyoshika rangi, kila mkwaruzo ukiondoa mikroni chache. Hurudia hadi madoa yawe mengi na yaenee sawasawa. Bamba lenyewe hupatikana kwa njia iliyoenezwa na Mwingereza Joseph Whitworth katika karne ya 19: mabamba matatu hulinganishwa mawili mawili kwa zamu. Mabamba mawili yanaweza kukubaliana huku moja likiwa na kibonde na jingine kilima. Matatu hayawezi kukubaliana yote ila yakiwa yamenyooka.

Skrubu na spindo

Kinachoisukuma meza ni skrubu ya gololi. Mota huizungusha skrubu ndefu, na kati ya skrubu na nati yake hupita gololi za feleji zinazoviringika na kurudi mwanzo kupitia mfereji. Nati iliyolegea hucheza: mwendo unapogeuka, skrubu huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Ili kuondoa mchezo huo, nati hubanwa tangu kiwandani kwa gololi zilizozidi kidogo nafasi yao, au kwa nati mbili zinazosukumana.

Lipo pia swali la nani anayeiona meza. Katika mashine nyingi, kihisi kilichofungwa kwenye mota huhesabu mizunguko, na kompyuta hukisia mahali ilipo meza kutokana na hesabu hiyo. Mashine za usahihi zaidi huwekewa rula ya kioo yenye mistari midogo sana kando ya njia, na kihisi husoma mahali pa meza yenyewe.

Kikatio hushikwa na spindo, mhimili unaozunguka ndani ya beringi zilizokazwa kwa jozi ili usicheze huku wala huku. Mwisho wa spindo una tundu la umbo la pia, ambamo kishikio cha kikatio huvutwa kwa nguvu na springi. Chenga moja ikibaki ndani ya tundu hilo, kikatio hukaa upande, na jino moja hukata zaidi ya mengine. Vishikio vya aina ya HSK hugusa tundu hilo na uso wa spindo kwa wakati mmoja, hivyo havizami zaidi ndani mzunguko unapokuwa wa kasi.

Joto

Adui mkubwa wa mashine nzuri ni joto. Feleji yenye urefu wa mita moja hurefuka kwa mikroni 11 hadi 12 kila joto linapopanda nyuzi moja ya Selsiasi. Skrubu ya mita moja iliyopata moto wa nyuzi 5 kwa kwenda na kurudi itakuwa imerefuka kwa zaidi ya mikroni 50, na kompyuta inayohesabu mizunguko ya mota haitajua. Spindo nayo hurefuka kuelekea mezani tangu inapowashwa asubuhi. Watengenezaji hujibu kwa kuivuta skrubu iwe imekazika tangu mwanzo, kupitisha mafuta baridi ndani yake na kupoza spindo. Mafundi huiacha mashine izunguke bila kukata hadi joto litulie ndipo waanze kazi nyeti.

Vipimo vya kimataifa vya urefu huhesabiwa kwenye nyuzi 20. Karakana ya mwambao yenye nyuzi 30 iko nyuzi kumi juu ya kiwango hicho, na kipande cha alumini cha nusu mita hurefuka humo kwa takriban mikroni 115. Kikipelekwa kwenye chumba baridi cha kupimia, kitaonekana kifupi hata kama mashine haikukosea.

Namna ya kuihukumu

Upimaji wa mashine uliwekewa utaratibu na Georg Schlesinger wa Berlin, aliyechapisha kitabu cha majaribio ya mashine mwaka 1927. Kanuni za sasa zimo katika viwango vya ISO 230 na ISO 10791. Kazi huanza kwa vitu rahisi. Mashine husawazishwa kwa pimamaji kali, kwa kuwa kitako kilichokaa vibaya hujipinda kwa uzito wake. Geji ya saa hufungwa kwenye spindo na kuzungushwa juu ya meza kuona kama spindo imesimama wima. Skwea ya granaiti huonyesha kama mihimili imekutana kwa pembe mraba. Fimbo ya kupimia huwekwa kwenye spindo na kuzungushwa polepole, geji ikiigusa karibu na pua na tena kwa chini, ili kuona kama inayumba.

Kisha hupimwa mwendo. Mwanga wa leza hutumiwa kama rula, na meza hupelekwa kwenye vituo vilevile mara tano kutoka kila upande. Hapo hupatikana majibu mawili tofauti: usahihi, yaani ukaribu na namba iliyoamriwa, na uwezo wa kurudi palepale. Saa inayotangulia dakika tano kila siku bado inafaa kwa anayeijua. Saa inayotangulia leo na kuchelewa kesho haifai kitu. Vivyo hivyo, kosa lisilobadilika huandikwa kwenye kompyuta likarekebishwa, lakini mashine isiyorudi palepale haina dawa ya programu. Ndiyo maana mafundi huithamini zaidi namba ya kurudi palepale.

Kifaa kingine ni fimbo inayorefuka na kufupika yenye gololi kila mwisho, iliyobuniwa na James Bryan wa maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mashine huamriwa kuchora duara juu ya meza, na fimbo hurekodi kila mkengeuko. Duara lililovutika kwa mshazari huonyesha mihimili isiyokutana kwa pembe mraba. Vidato kwenye pande nne huonyesha skrubu zinazocheza pale mwendo unapogeuka.

Jaribio la mwisho ni kukata. Kipande cha majaribio huchongwa duara, mraba uliogeuzwa kama almasi, na mraba ulioinamishwa kidogo, ambao hulazimisha mhimili mmoja kutambaa huku mwingine ukikimbia. Kipande hupoozwa, kisha hupimwa kwa maikromita na mashine ya vipimo. Fundi hukiangalia pia kwa mwanga wa pembeni, kwa sababu jicho huona mawimbi na ngazi ndogo haraka kuliko geji. Kabla ya kuilaumu mashine, hutazama kikatio: kikitokeza mara mbili ya urefu, kitapinda mara nane kwa nguvu ileile.

Matokeo haya ni ya siku ya kupimwa tu. Njia huchakaa, beringi hulegea, na kikatio kikigonga jiliwa mara moja huweza kuiondoa spindo kwenye wima wake. Ndiyo sababu karakana makini huweka kumbukumbu za geji na za duara tangu mashine inapofungwa, na hurudia vipimo hivyo kila baada ya muda na kila baada ya ajali. Kwa kulinganisha karatasi hizo, fundi hujua ni lini namba ya skrini ilianza kuachana na ncha ya kikatio, na ni kiungo kipi cha kufungua.