Breki ya pikipiki ya matairi manne inazama? Usipuuze, chanzo kinaweza kuwa maji

Zanzibar na Diani, pikipiki za matairi manne zinazokodishwa kwa watalii si kitu kigeni. Zinapita kwenye mchanga, tope na madimbwi kutwa nzima. Jioni zinaoshwa zinang'aa, lakini breki mara nyingi haziguswi mpaka zigome.

Nyingi zina breki za diski zinazotumia mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukuma pedi, nazo zinabana diski. Kwa hiyo mafuta yakiharibika, hata ukifunga pedi mpya ni kazi bure.

Kwa nini maji ni hatari?

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi joto 230 za sentigredi. Ikishaingiwa na maji kidogo tu, kama asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155.

Sasa fikiria unashuka mteremko mrefu huku umebana breki. Joto linapanda, maji yanageuka mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea. Unabana mkono mpaka mwisho, chombo kinazidi kwenda.

Dalili za kuangalia kabla ya safari

- Mkono wa breki ni laini, au unashika baada ya kubanwa mara mbili tatu.
- Mafuta yamekuwa meusi au ya kahawia.
- Kiwango kwenye kikopo kimeshuka chini ya alama. Huenda pedi zimeisha au kuna sehemu inavuja.
- Unasikia chuma kikisaga chuma. Hapo pedi zimekwisha na diski inaliwa.

Namna ya kutoa upepo

1. Safisha kikopo kabla ya kukifungua, mchanga usiingie.
2. Vua kifuniko cha nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na upande wa pili uingize kwenye chupa.
3. Bana mkono wa breki mara kadhaa, kisha ushikilie.
4. Legeza nati kidogo, mafuta na mapovu yatoke. Kaza nati kabla ya kuachia mkono, la sivyo upepo utarudi ndani.
5. Rudia mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na mapovu. Kikopo kisikauke hata mara moja.

Makosa yanayogharimu

Usiweke oili ya injini. Inavimbisha mipira ya ndani na breki inaweza kugoma kabisa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na DOT 3 au DOT 4. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu iache, imeshanyonya unyevu. Mafuta yakidondokea rangi ya bodi, osha kwa maji haraka, yanaibabua.

Kwa kawaida mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na mapema zaidi kama chombo kinashinda kwenye maji.

Ukimaliza, jaribu breki taratibu kwenye uwanja tambarare. Mkono ukiwa bado laini, chombo kisitoke, mpe fundi. Mteja anayekodi hana namna ya kujua breki ilikuwaje jana.