Mazoezi kwa Mtu Aliyeshinda Shambani

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha takwimu za nchi 168 kuhusu watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha. Uganda ilitoka na sifa: waliopungukiwa walikuwa asilimia 5.5 tu, ilhali Kuwait walikuwa asilimia 67. Ila madodoso yaliyotumika huhesabu kila kitu kwa pamoja: kulima, kwenda sokoni kwa miguu, kubeba mizigo. Kwa hesabu hiyo, mama wa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aliyeanza kulima alfajiri ni mwanamichezo hodari. Mbona basi jioni anainuka kwa kushika kiuno?

Sisi wa tiba ya viungo tunalijua jibu analotoa ukimtajia mazoezi: "Daktari, mimi nalima. Mazoezi ya nini tena?" (Kwake kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Nusu ya jibu lake ni kweli. Hana haja ya kukimbia kuzunguka kijiji ili atoe jasho, jasho limeshatoka. Kinachompungukia ni mijongeo ambayo kazi yake haimpi.

Tuitazame siku yenyewe. Nakivale, wilayani Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na tofauti na kambi nyingi, hapa familia hupewa kipande cha ardhi. Kwa hiyo kuna jembe, tena la mpini mfupi. Kuna jerikani la lita 20, yaani kilo 20, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Kuna beseni la nguo lililowekwa chini, na mafiga yaliyo chini, na mtoto mgongoni. Karibu kila kitu kinamkunja mtu kwenda mbele. Misuli ya mgongo ikishikilia mkunjo huo kwa saa nyingi huchoka, na ikichoka mzigo huangukia kano na gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo. Shingo nayo ina kesi yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Limpopo, Afrika Kusini, ulikuta maumivu ya shingo na mgongo ni jambo la kawaida kwa wanaochota maji na kuyabeba.

Wapo pia watafiti, akiwemo Andreas Holtermann wa Denmark, wanaosema kazi nzito ya kutwa nzima isiyo na mapumziko haiupi moyo faida ile ile inayotokana na mazoezi ya muda mfupi ya hiari. Bado wanabishana, lakini aliyewahi kulima ekari ya mtu kwa kibarua hatawashangaa.

Basi fanya kinyume cha siku. Tandika mkeka, lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Inua kiuno mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, hesabu hadi 5, shuka polepole. Hili huitwa daraja. Linaimarisha misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja, ambayo ndiyo inayopaswa kuinua jerikani badala ya mgongo peke yake. Mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Ukisikia mgongo ndio unaofanya kazi, umeinua kupita kiasi.

Kisha mabega. Shika kitenge kilichokunjwa kwa mikono miwili mbele ya kifua, viganja vikitazama juu, viwiko vikibana mbavu. Vuta ncha zake kana kwamba unataka kukichana, huku mabapa ya mabega yakikaribiana nyuma. Kitenge hakitachanika, na hilo ndilo tunalotaka: upinzani. Mtu hapati nafasi ya kufungua kifua hivyo mahali popote pengine katika siku yake.

Pushapu nitazitaja kwa sababu ya Rais Museveni. Aprili 2020, kipindi cha karantini ya korona, akiwa na umri wa miaka 75, alisambaza video akikimbia ofisini peku na kupiga pushapu 30 ili watu wafanye mazoezi ndani. Somo lilikuwa zuri, ila pushapu si zoezi la kuanzia kwa aliyeshinda kakunja mabega mbele. Anayezitaka aanze kwa kusukuma ukuta akiwa amesimama. Tahadhari: ukuta wa udongo ambao haujakauka vizuri usiusukume, tafuta mti.

Wazee wana zoezi lao, na ndilo nilipendalo kuliko yote kwa sababu ni zoezi na kipimo kwa pamoja. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama na ukae kwa sekunde 30, mtu akihesabu. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni dalili kwamba miguu imepungua nguvu. Kwa mwanamume wa umri huo ni chini ya 14. Aliyepungukiwa afanye hilo hilo, siku moja kila baada ya mbili, mtu akiwa karibu yake. Miguu yenye nguvu ndiyo inayomwepusha mzee na kuanguka usiku akienda msalani.

Mjini Mbarara, kama kilomita 60 hivi kutoka Nakivale, dawa ni nyingine. Karani wa High Street anayepanda boda kutoka Kakoba na kukaa mpaka jioni, na mwenye boda mwenyewe, wanahitaji miguu na moyo: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, na siku mbili za kuimarisha misuli. Karani ashuke boda mapema, amalize njia kwa miguu. Vilima vya Mbarara vitamfanyia yaliyobaki, na bure.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Tangu 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umegawanywa kwa makundi, na kuna kaya zilizoondolewa kabisa. Mwili wenye njaa haujengi misuli, unaila. Kama mlo ni mmoja kwa siku, bakia na daraja na kitenge, seti moja, na usione aibu kupumzika. Mtaalamu anayekuambia ujikaze hajui unachokula.

Maumivu ya misuli ya siku mbili baada ya kuanza ni kawaida. Lakini mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila wewe kujua, au ukisikia kifua kinabana, acha zoezi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wakisema uende hospitali ya rufaa ya Mbarara, usisubiri mavuno yaishe.