Kampuni ya Dawa Ihesabu Nini?

Kati ya mwaka 2005 na 2010, kampuni ya AstraZeneca ilikuwa na maabara za kisasa, wanasayansi waliobobea na bajeti ambayo wizara nyingi za afya zingeitamani. Pamoja na hayo yote, katika kila dawa 100 ambazo maabara zake zilizipitisha kuwa zinafaa kuendelezwa, ni 4 tu zilizofika mwisho wa awamu ya tatu ya majaribio kwa binadamu. Kampuni ikafanya jambo ambalo ni nadra kuliona: ilifukua mafaili ya miradi yake 142 ya kipindi hicho, ikatafuta kila mradi uliokufa uliuawa na nini, na mwaka 2014 ikachapisha matokeo katika jarida la Nature Reviews Drug Discovery, washindani wake nao wakasoma.

Kwa maoni yangu, uchambuzi ule unapaswa kusomwa na kila anayesimamia ubunifu katika afya, awe anatengeneza dawa, kipimo cha maabara au programu ya simu. Ulionyesha kwamba tatizo kubwa lilianzia kwenye malengo ya mwaka. Vitengo vya utafiti vilikuwa vinapimwa kwa wingi: wamepeleka mbele molekuli ngapi, wamefungua majaribio mangapi. Mtafiti anayejua kwamba Desemba atahesabiwa idadi hana sababu ya kuuliza swali linaloweza kuupunguza wingi huo. Anapitisha mradi ukiwa na shaka, na shaka inaachiwa kitengo kinachofuata. Miradi iliyofungwa kabla ya kufika kwa binadamu, asilimia 82 ilifungwa kwa sababu za usalama. Lakini ile iliyofika sehemu ya pili ya awamu ya pili, ambako tayari mamia ya wagonjwa wamejitolea miili yao na fedha nyingi zimeshatumika, asilimia 88 ya iliyofungwa ilifungwa kwa sababu dawa haikufanya kazi. Ni wakati mbaya sana wa kugundua hilo.

Kampuni ikabadilisha maswali. Je, protini tunayoilenga kweli ndiyo inayosababisha ugonjwa? Dawa inafika kwenye kiungo husika kwa kiasi cha kutosha? Ni salama? Ni mgonjwa yupi hasa atakayefaidika? Na je, kuna soko? Swali la kwanza lilikuwa na majibu ya kushangaza. Pale ambapo kulikuwa na ushahidi wa jeni za binadamu unaounganisha protini na ugonjwa, asilimia 73 ya miradi ya awamu ya pili ilikuwa hai au imefanikiwa. Pale ambapo ushahidi huo haukuwapo, ilikuwa asilimia 43. Taarifa ya namna hii ingeweza kutafutwa mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza kumeza kidonge.

Nataka nikae zaidi kwenye swali la mgonjwa, kwa sababu kampuni hiyohiyo ilishafundishwa somo hilo na dawa yake ya saratani ya mapafu, gefitinib, inayouzwa kwa jina la Iressa. Marekani iliiruhusu mwaka 2003 kwa masharti, baada ya uvimbe kusinyaa kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Mwishoni mwa 2004 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 1,692: kwa ujumla wao, waliopewa dawa hawakuonekana kuishi muda mrefu zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaibana, ikabaki kwa wale tu ambao tayari ilikuwa inawasaidia.

Meneja anayesoma mstari wa mwisho wa ripoti angesema ubunifu umefeli. Lakini mwaka huohuo wa 2004, watafiti wa Boston walikuwa wamewachunguza wachache ambao uvimbe wao uliyeyuka, wakakuta wana mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR. Likafuata jaribio lingine Asia Mashariki, lililochapishwa mwaka 2009. Kwa wagonjwa wenye mabadiliko hayo, gefitinib ilipunguza uvimbe kwa asilimia 71.2 yao. Kwa wasio nayo, asilimia 1.1. Dawa ni ileile, kidonge ni kilekile. Wastani ulikuwa umewaficha wagonjwa ambao dawa iliwafaa sana, ukiwachanganya na wengine ambao haikuwa na lolote la kuwapa isipokuwa madhara na matumaini ya bure.

Somo likatumika. Dawa iliyofuata katika familia hiyo, osimertinib, tangu mwanzo ilielekezwa kwa wagonjwa wenye badiliko moja mahususi la jeni. Ilianza kujaribiwa kwa binadamu Machi 2013 na ikaruhusiwa Marekani Novemba 2015. Kwa dawa ya saratani hiyo ni kasi kubwa. Kwa kampuni nzima, katika miaka ya 2012 hadi 2016, zile dawa 4 katika 100 zilikuwa zimefika 19, huku idadi ya molekuli zinazopelekwa mbele ikiwa imepungua. Malengo ya wingi yaliachwa, na kusimamisha mradi kwa ushahidi mzuri kukaanza kuhesabiwa kuwa kazi iliyofanyika.

Hata hivyo, asilimia 19 nayo ni namba, na namba yoyote ikigeuzwa lengo inaweza kutafutiwa njia ya mkato. Kampuni inaweza kuinua kiwango cha mafanikio kwa kukimbilia magonjwa ambayo njia yake imeshasafishwa na wengine. Na lile swali la tano, la soko, likiachwa litawale peke yake, malaria na kifua kikuu havitapita mlangoni kamwe.

Ndiyo maana napenda kuweka kando ya mfano huo kazi iliyofanywa na Novartis pamoja na shirika la Medicines for Malaria Venture. Dawa mseto ya malaria, Coartem, ilikuwa tayari inaponya. Tatizo lilikuwa mtoto wa miaka miwili. Mama au muuguzi alilazimika kusaga kidonge, kukichanganya na maji na kumnywesha kitu kichungu ambacho mtoto alikitema. Ubunifu ukawa kidonge kinachoyeyuka majini, chenye ladha ya cheri, ladha iliyochaguliwa baada ya watoto wa shule wa Tanzania kuonjeshwa ladha tatu tofauti. Jaribio lenyewe lilihusisha watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Kiwango cha kupona kilikuwa asilimia 97.8 kwa kidonge kipya na 98.5 kwa kile cha kusaga, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Anayepima kwa kupona peke yake angeona hakuna kipya. Lakini hilo ndilo hasa lililotakiwa kuthibitishwa: kwamba dawa inayonyweka kirahisi haijapoteza nguvu. Ilianza kusambazwa mwaka 2009, na dozi zake zimewafikia watoto kwa mamia ya mamilioni.

Mtego wa kuhesabu wingi haukuishia kwenye dawa. Kampuni changa za afya zinazochipuka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam nazo mara nyingi huja mbele ya wafadhili na hospitali na idadi ya waliopakua programu, vituo vilivyofungiwa kifaa, wahudumu waliohudhuria mafunzo. Zote ni hesabu za kuanza. Kamati ya hospitali inayofikiria kupokea teknolojia mpya kwa majaribio ina haki ya kudai karatasi moja kabla ya kusaini: ni mgonjwa yupi anayetarajiwa kufaidika, kipi kitabadilika kwake, matokeo gani yatatufanya tusimamishe, na ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha. Huyo wa mwisho asiwe yule ambaye mshahara wake unategemea mradi kuendelea. Na tarehe ya kukaa kuyaangalia matokeo iandikwe kabla kifaa cha kwanza hakijashushwa kwenye gari.