Mlima Meru na simu isiyoshika

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa Engutoto, jijini Arusha, anauona Mlima Meru wote, kuanzia misitu hadi kileleni. Mlima uko karibu hivyo, na jiji limejaa minara, kwa hiyo vijana wengi wa Arusha wanaokwenda kulala huko wikiendi hawana wasiwasi na simu. Lakini njia ya kupanda haianzii upande wetu. Inaanzia lango la Momella, mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na ukishafika huko mlima wenyewe umesimama kati yako na jiji. Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba wa unene huo.

Meru ulibomoka ubavu wake wa mashariki zamani sana, ukabaki na kreta kubwa iliyo wazi upande mmoja na ukuta mrefu wa mawe upande wa pili. Mpandaji hulala Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, kisha Saddle, mita 3,570. Mtandao ukishika huko, mara nyingi unatoka kwenye minara ya tambarare iliyo mbele yako, si ile ya mjini iliyo nyuma ya mlima. Kwa hiyo swali la kwanza si una baa ngapi. Ni upande gani hakuna kitu kinachokukinga. Sogea kwenye uwazi, tazama bonde lenye makazi, achana na miti iliyolowa mvua, maana majani yenye maji hunyonya mawimbi. Mwili wako nao hukinga, basi usiigeuzie minara mgongo. Wakati mwingine hatua chache tu zinatosha. Ila usizunguke peke yako: huko kuna nyati, na ndiyo sababu kila kundi husindikizwa na askari mwenye bunduki.

Wengi huamini kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mtandao unavyoongezeka. Si lazima. Antena za minara huinamishwa kidogo kuelekea chini, kwa watu. Aliye juu sana huweza kuona minara mingi kwa mbali bila hata mmoja kumshika vizuri.

Mahali mtandao unapokuja na kupotea, acha kupiga, tuma ujumbe mfupi. Simu inadai mawimbi yatulie muda wote wa maongezi. Ujumbe unahitaji sekunde chache tu. Ukiweza, ingia kwenye mipangilio uchague 2G, kwa sababu masafa ya chini inayoyatumia mara nyingi hufika mbali kuliko yale ya intaneti ya kasi. Kitochi cha bei nafuu chenye laini ya kampuni nyingine ni mwenzi mzuri wa simu kubwa. Pia, namba ya dharura 112 inaweza kupitia mtandao wowote uliopo, hata kama laini yako haishiki.

Chaji ndiyo inayowaangusha wengi. Simu inayotafuta mnara hutumia nguvu nyingi na kumaliza betri, na baridi ya Saddle huidhoofisha zaidi. Iweke katika hali ya ndege unapotembea, na usiku lala nayo ndani ya begi la kulalia. Vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mtandaoni sivipendekezi: pasipo na mawimbi havina cha kukuza, vinaweza kuvuruga mitandao ya wengine, na kifaa kinachorusha mawimbi kinahitaji idhini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Agosti 2022, kampuni ya simu ya TTCL ilipofikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720, wapo walioona ni anasa ya kurusha picha. Mimi naona ni huduma ya uhai. Mtu ambaye mapafu yake yanajaa maji kwa sababu ya mwinuko anatakiwa kushushwa mara moja, na mpagazi aliyebeba mzigo anastahili kuitiwa msaada haraka sawa na mgeni aliyelipa dola.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nyumbani njia utakayopita, namba ya kiongozi wako na ya hifadhi, na saa ya kutegemea ujumbe kila jioni. Mkubaliane pia asubiri mpaka saa ngapi ya siku inayofuata kabla ya kuipigia hifadhi kuulizia.